Kingozi Chenye Kamba Nne

Mwaka ule mama yangu alisahau karibu kila kitu, isipokuwa jina langu. Alisahau kwamba baba alikwisha kufa, akasahau mlango wa choo, akasahau kuwa alikwisha msalimia mke wangu asubuhi, akamsalimia tena, "Ejok," kwa adabu ya mgeni anayepita. Lakini jina langu aliliita kutwa nzima. Alikaa kwenye kibaraza cha nyumba yangu hapa Lodwar, uso ameuelekeza getini, akaita. Mimi nimekaa mbele yake na bakuli la uji mkononi. Nikaitika, "Naam, mama." Akanitazama kwa upole, akainamisha kichwa pembeni ili aone nyuma yangu, akaita tena.

Niseme wazi kwamba liliniuma. Mimi ni mtoto wake wa pekee, au ndivyo nilivyojua. Daktari alisema ni uzee tu, nami nikamjibu vibaya kidogo, kwa sababu hasira zangu ziko karibu na sikupenda alivyosema huku akitazama simu yake. Mama alikuwa anakonda. Ukimpelekea kijiko anafunga mdomo, anasema kwanza huyo aje ale. Huyo nani? Anakutajia jina langu. Kitu nilichokitaka wakati ule kilikuwa kimoja: kabla hajaondoka, anitazame hata mara moja na ajue kwamba huyu aliyeshika kijiko ni mwanawe. Nilikuwa tayari kukaa kwenye kile kibaraza mwezi mzima kukingoja.

Jina lenyewe sitaliandika, na sababu itaonekana. Inatosha kusema ni jina la mvua. Kwetu mtoto hubeba jina la kilichokuwepo siku aliyozaliwa: wageni, asubuhi, njaa, harusi ya jirani. Shida ni kwamba mimi nilizaliwa kwenye ukame. Kila mtu alilijua hilo, maana ni ukame uleule uliomaliza ng'ombe wa baba na kutufikisha Kakuma kwenye foleni ya chakula cha msaada, kabla kambi ya wakimbizi haijafikiriwa na mtu. Shuleni wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Mvua gani hiyo iliyokunyeshea wewe? Nilimuuliza baba mara moja. Akasema, "Ilinyesha kidogo." Baba hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili, nikaridhika na mvua yangu kidogo.

Baba alipokosa ng'ombe alianza kununua ngozi za ng'ombe wa wengine. Alizunguka Lokori, Kalemng'orok, Kaaleng, akirudi na mizigo mikavu inayogonga kama mabati. Alizipanga kwenye stoo aliyoijenga kwa udongo na mabati nyuma ya nyumba yetu pale Kakuma mjini. Hatukuruhusiwa kuingia. Alisema ngozi zimetiwa dawa ya wadudu itakayotuua, na kwa harufu ile sikuona sababu ya kumbishia. Biashara ilipokufa aliweka kufuli, naye alipokufa mwenyewe kufuli likabaki. Mama aliendelea kuishi pale, na dada yake, ambaye kwangu ni mama mdogo, akiishi upande wa pili wa ua. Mama alipoanza kupotea njia ya kutoka sokoni, nilimchukua nikamleta kwangu. Nilidhani nimetenda jambo jema, na bado nadhani hivyo, ingawa tangu siku hiyo ndipo alipoanza kuita.

Kilichonirudisha kwenye stoo ni mpangaji. Mama mmoja kutoka Sudan Kusini, mfanyabiashara wa unga na samaki wakavu kule kambini, alitaka mahali mjini pa kuweka magunia. Alikuwa mrefu, mwenye msalaba wa mbao shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kuelewana bei kwa lugha tano. Tulipatana kwa simu. Nikachukua pikapu yangu, nikatia vyombo vyangu vya kazi, maana mimi ni fundi wa pampu za visima na siendi popote bila spana, nikaelekea Kakuma.

Nilimkuta amesimama jua kali katikati ya ua, mbali na stoo. Tulisalimiana. Kisha akasema, "Ya akhui, ndugu yangu, hii stoo naitaka. Lakini kwanza ambia huyo mama atoke."

"Mama gani?"

"Mwenye anaimbia mtoto. Kila nikikuja kuangalia, saa ile watu wanalala baada ya kula, nasikia yeye ndani. Naangalia kwa tundu, mafi mtu. Giza tu."

Nilicheka. Nikamwambia ni upepo kwenye mabati, na kwamba mabati ya Kakuma yanaimba nyimbo zote mpaka za kanisani. Hakucheka. Akaniimbia wimbo wenyewe kwa pua, taratibu, noti chache zinazopanda na kushuka na kurudi zilikotoka. Sikuujua. Alipomaliza alishika msalaba wake, nami nikaenda kwenye kufuli haraka kuliko ilivyohitajika.

Kufuli lilikuwa limeshikana kwa kutu. Nililimwagia mafuta ya injini, nikaligonga, nikalitukana, mwishowe nikalikata kwa msumeno. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye lilinisumbua. Mlango ule ulikuwa haujafunguliwa miaka mingi, fundi yeyote angekuambia hivyo.

Ndani kulikuwa na ngozi zilizoliwa na wadudu mpaka zimebaki vipande, na vumbi ambalo halikuwa na alama ya mguu wa mtu wala wa kuku. Tulizitoa ngozi moja moja. Nyuma yake, ukutani kabisa, palikuwa na uchaga wa fito ambao katika utoto wangu wote sikuwahi kujua kama upo. Juu yake palikuwa na vitu.

Nilivitoa nje nikavipanga juu ya turubai chini ya kivuli cha ukuta. Naona haya kusema ni vichache kiasi gani nilivyovijua. Mimi ni Mturkana wa bomba la maji na shule ya bweni. Ekicholong nilikijua, kile kigoda ambacho mzee hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Vijiti vya kupekecha moto nilivikisia. Lakini kulikuwa na duara la chuma lenye makali nje na ngozi ndani ambalo kwa akili yangu ya kazi nilidhani ni washa, ile pete ya kuziba maungio ya bomba kubwa. Kulikuwa na gogo dogo lililochongwa tumbo, na vijiti viwili vinaning'inia ndani. Kulikuwa na chombo cha mti chenye kifuniko cha ngozi, kimekauka mpaka kifuniko hakitoki. Na kulikuwa na kingozi kidogo, bado kina manyoya ya rangi ya kahawia, kila pembe imefungwa kamba. Kamba nne. Nilikigeuza huku na huku. Mpangaji alisema ni mbeleko ya mtoto mchanga. Nikasema kamba ni fupi mno, hazifiki mgongoni kwa mtu.

Vyote vilikuwa vimekauka na kupasuka. Jua la kwetu halina huruma na mti. Chombo kisipopakwa mafuta ya mnyama mara kwa mara hupasuka, ndiyo maana wanawake wa zamani hawakuwa na mkono mkavu. Kigoda kilikuwa na ufa unaopitisha kidole. Gogo lilikuwa na nyufa pande zote.

Kitu cha mwisho kilikuwa kwenye pembe ya uchaga, kimefunikwa kitambaa. Niliingiza mkono nikakishika kabla sijakiona, nikauondoa mkono kwa kasi. Kilikuwa laini. Kilikuwa na utelezi, na kwa sababu ya joto la mle ndani kilikuwa na uvuguvugu kama wa mwili.

Alikuwa mwanasesere wa mti, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Hakuwa na macho wala mdomo, kichwa tu kilichochongwa mviringo, mwili mnene, na kiunoni uzi wa shanga ndogondogo za aina wanayovalishwa watoto wachanga. Amepakwa mafuta na udongo mwekundu, anang'aa. Hana ufa hata mmoja. Nilinusa vidole vyangu. Mafuta yalikuwa mabichi.

Mpangaji alikwisha rudi nyuma mpaka kwenye pikapu. Kwa mbali akasema, "Kalas. Mimi siingii," akakaa chini kwa kishindo, lakini hakuondoka. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutoondoka.

Nywele zilinisimama mchana kweupe. Ua wote ulikuwa kimya, ule ukimya wa Kakuma baada ya chakula, hata mbuzi wamelala. Nikajiambia: wewe ni fundi. Maji yakipotea kuna mahali yanavuja, na mafuta yakifika mahali kuna mahali yalikopitia. Nikarudi ndani na tochi. Nilipapasa ukuta wa nyuma, bati moja moja, mpaka nikafika kwenye bati lililo karibu na ile pembe ya uchaga. Misumari ya chini haikuwepo. Nikilisukuma linafunguka kiasi cha mkono wa mtu mwembamba kupita mpaka begani. Ukingo wake ulikuwa umelainika kwa kushikwa, na nje yake ulikuwa ua wa mama mdogo.

Woga uliponitoka, hasira zilichukua nafasi yake. Nilizunguka ukuta kwa hatua kubwa. Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni mwake anachambua maharage ya msaada, mwanamke mkavu mwenye kikohozi na shanga ambazo sijawahi kumwona bila kuzivaa.

"Mama mdogo," nikasema, "nani anapaka mafuta kitu ndani ya stoo ya baba?"

Hakushtuka. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akauliza, "Umefungua mlango?"

"Nimefungua."

"Basi twende."

Alipofika kwenye turubai alisimama kwanza, kama mtu aliyeingia msibani. Kisha akaanza kuokota kimoja kimoja. Kwa sababu ya mpangaji, ambaye sasa alikuwa amesogea karibu, alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii ya kuvaa kwa mkono, ya kukata nyama na ya kupigana. Ilikuwa ya babu yako." Ilikuwa ile washa yangu. "Hii ya shingo ya ngamia, ile ngamia mama anaongoza wengine." Akalitikisa lile gogo, vijiti vikagonga ndani, na sauti yake ilikuwa nzito na ya mbali, ikasikika kana kwamba inatoka nyuma ya kilima. Mbuzi wawili waliinuka. "Hii ya mafuta ya ng'ombe. Sisi tulikula hapa kila mtu." Mama mdogo alimruka mwanasesere bila kumgusa. Nilimwona akimruka. Akafika kwenye kingozi, na hapo mkono wake ukabaki hewani.

"Hii baba yako hakutupa," alisema.

"Ni mbeleko?" aliuliza mpangaji.

"Hapana. Ni ya ndama." Alikitandaza mapajani. "Ng'ombe akifiwa na mtoto, anakataa maziwa. Anasimama pale tu, anaita, anaita. Sasa mchungaji anachuna ndama ile imekufa. Anatafuta ndama ingine, haina mama. Anaifunga hii ngozi juu yake. Kamba hapa shingoni, kamba hapa tumboni. Ng'ombe ananusa. Ananusa ya kwake. Analamba. Maziwa inakuja."

"Anadanganyika?" nikauliza.

"Ng'ombe si mjinga. Labda anajua. Lakini maziwa inakuja."

Mpangaji alitikisa kichwa, akasema kwao pia wanafanya hivyo, alimwona baba yake akifanya. Mimi nilikuwa namtazama mama mdogo. Alikuwa ananitazama mimi. Na alipoendelea aliacha Kiswahili, akasema kwa lugha yetu, polepole, kwa hiyo ninayoandika hapa ni maneno yangu juu ya maneno yake.

Mama alikuwa na mtoto kabla yangu. Alizaliwa upande wa Kaaleng, siku ya mvua kubwa, mito imejaa, watu wanacheza kwenye matope. Akapewa jina la mvua. Alikuwa ameanza kutembea ukame ulipokuja. Ng'ombe walipokwisha, baba na mama na mama mdogo, ambaye bado alikuwa msichana, walitembea kuja Kakuma kutafuta chakula, na mama alikuwa mjamzito. Mtoto alifia njiani. Walimwekea mawe, wakaendelea, kwa sababu kukaa hapo kulikuwa ni kuwaongeza wengine chini ya mawe. Mimi nilizaliwa baadaye kidogo, njia ileile, chini ya kichaka ambacho hata mama mdogo hawezi tena kukionyesha.

Mama alikataa kuninyonyesha. Mama mdogo alisema hakuwa mkali wala hakulia. Aligeuza uso tu kule walikotoka, akawa anaita. Maziwa yalikuwa yamemkauka kifuani, na mimi nikawa nalia mpaka sauti ikakatika. Baba alikaa anatazama. Yeye hakuwa mtu wa hospitali wala wa kanisa, alikuwa mchungaji, na alijua jambo moja la kumfanyia mama aliyefiwa. Alitoa mfukoni shanga za kiunoni za yule mtoto, ambazo alikuwa amezifungua kabla ya kuweka mawe. Hakuziosha. Akanifunga mimi. Akaniweka miguuni pa mama, akasema jina la mvua. Mama akageuka. Aliniinua akaninusa, tumboni, shingoni, kiunoni. Kisha akaanza kuninyonyesha.

Baada ya hapo baba aliwaambia wote wawili kwamba mtoto ni mmoja. Hakukuwa na mwingine. Walipofika Kakuma waliandikisha mtoto mmoja, na jina lilikuwa hilo.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba mkono wangu ulikuwa umeshika kiuno changu, mahali pa mkanda, na nikautoa. Mpangaji, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimkasirikia baba, nikamhurumia, nikamkasirikia tena. Miaka yangu yote niliitikia jina la mtu aliyelala chini ya mawe, na watu wakaniita hilo kwa furaha, na mke wangu ananiita hilo. Niliona baridi, katika jua lile.

"Na mwanasesere?" nikauliza.

"Ulipokua shanga zilikubana," alisema. "Mama yako akazifungua. Akamtafuta mtu wa kuchonga, akamvisha huyu, akamrudishia zake. Usifikiri ni mila. Mila yetu haina kitu kama hiki. Huyu ni dada yangu tu, alivyojitafutia." Baba akiwa safarini mama alikuwa anamtoa, anampaka mafuta, anamrudisha, na kufuli lilipowekwa akawa anampaka kupitia lile bati. Baba alijua? Mama mdogo aliinua mabega. Baba ndiye aliyejenga uchaga, alisema.

Siku nilipomchukua mama kumpeleka Lodwar, wakati mimi nafunga mizigo kwenye pikapu, alimshika dada yake mkono akamwambia neno moja: nipakie, yaani ampake yule mwanasesere mafuta kwa niaba yake. Tangu hapo mama mdogo alipitisha mkono kwenye bati, akampaka, akauondoa.

"Sawa," nikasema. "Lakini kwa nini unaimba? Umemtisha huyu mama bure."

Mama mdogo alinishangaa. "Mimi? Na kifua hiki?" Akakohoa ili nisikie. "Sijaimba tangu nilipougua. Na mimi napaka asubuhi, jua likiwa dogo. Mchana nalala."

Nilimgeukia mpangaji nikamwomba aimbe tena ule wimbo wake. Aliimba noti zilezile. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua ushungi wake akafunika mdomo.

"Huo mama yako alikuwa anamwimbia yeye," alisema. "Yule wa kwanza. Wewe hakukuimbia."

Upepo ulipita juu ya mabati, na ulikuwa upepo tu, haukuimba chochote.

Kabla sijaondoka nilimuuliza mama mdogo kama mimi nilikuwa na jina. Siku ile, kabla ya shanga. Alifikiri. Akasema mama alininong'oneza kitu sikioni nilipotoka tu, kabla hajageuza uso. Hakulisema kwa sauti, na baadaye hakulirudia. Kisha akakunja kile kingozi, akafunga kamba zake mbili kwa mbili, akanipa. "Hiki ni chako," alisema.

Vitu vingine nilimwachia yeye. Mwanasesere nilimweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu. Nilipofika njia ya Lodwar niligundua kwamba nimemfunga mkanda, na sikumbuki kuamua hivyo. Barabara ilikuwa tupu. Kila mara nilipotazama pembeni kile kichwa kisicho na uso kilikuwa kimetazama mbele, kinang'aa, na gari zima linanuka mafuta. Nilizungumza naye. Sioni haya kusema. Nilimwambia tunakwenda kwa mama.

Nilifika siku ya pili baada ya chakula cha mchana, kwa sababu njiani pampu moja ya watu iliniita, na mimi sijui kukataa pampu. Kwa kawaida saa hiyo huwa niko kazini. Nilipoingia getini nikasikia. Mama alikuwa kwenye kibaraza, ameinama, mikono yake miwili inapapasa hewa mapajani, polepole, kutoka juu kwenda chini, kama anayepaka kitu mafuta. Na alikuwa anaimba kwa pua. Noti chache, zinapanda, zinashuka, zinarudi zilikotoka.

Mke wangu alitoka jikoni akaniona nimesimama. "Si ni kawaida yake," alisema. "Kila siku saa hii. Wewe huwa haupo."

Nimetafuta mahali panapovuja. Kutoka kibaraza changu mpaka ile stoo ni safari nzima ya gari. Nimelifikiria kama fundi, nimelifikiria kama Mkristo, na nimeacha. Mpangaji ameniambia tangu siku ile hajasikia kitu, amejaza magunia yake mpaka juu, na ananipigia simu kulalamika kuhusu panya.

Nilipiga magoti mbele ya mama nikamweka mwanasesere mapajani mwake, pale pale mikono ilipokuwa. Mikono ilimpata. Ilisimama. Mama aliacha kuimba, akamwinua, akamnusa kichwani, shingoni, akapitisha kidole kwenye shanga moja moja mpaka akazimaliza zote. Kisha akasema jina la mvua. Hakuliita, alilisema tu, kwa sauti ya chini, jinsi unavyomwambia mtu aliye karibu. Akamlaza kifuani na kumfunika kwa shuka.

Nilijua kwamba jina limeondoka kwangu. Nilikuwa nimepiga magoti pale, mtu mzima mwenye mvi, sina jina, na nilisikia uchungu ambao sikuutegemea, kwa sababu nililipenda. Nikaanza kuinuka niende nikanawe uso.

Mama alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa na mafuta. Alinitazama, na safari hii hakuinamisha kichwa kuona nyuma yangu. Alinitazama paji la uso, macho, ndevu, muda mrefu, akikunja uso kidogo kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akasema neno ambalo sikuwahi kuitwa nalo na mtu yeyote duniani. Ni jina la njia, la mtoto aliyezaliwa watu wakiwa safarini. Nalo sitaliandika. Ni langu, na ndiyo kwanza nimelipata.

"Naam, mama," nikasema.

Aliendelea kunishika. "Umekonda," alisema. "Umekula?"